Kabla Mtumbwi Haujagusa Maji

Kabula mama,

Hujambo sikuulizi. Asubuhi nimekuona kwa macho yangu ukipigana na zipu ya begi, na mtu anayepigana na zipu namna ile ni mzima. Mimi pia mzima. Nimekaa hapa kazini Igogo, juu ya gogo la kukatia mbao, na mafundi nimewaambia waende kula mapema waniache. Sospeter ameuliza, "Unaandika nini, wosia?" Nikamwambia naandika hesabu ya misumari. Akacheka, kwa sababu anajua tangu tuanze kazi pamoja sijawahi kuhesabu msumari.

Kesho basi linaondoka Nyegezi alfajiri, na wewe unanijua, alfajiri mimi sina maneno. Pale stendi nitabeba begi, nitagombana na kondakta, yatakuwa yamekwisha. Ndiyo maana naandika sasa. Mambo ya karanga, blanketi, kanisa, na nani utembee naye na nani umkimbie, mama yako ameshakwambia. Amerudia mpaka kuku wameyajua. Mimi sirudii.

Herufi zangu zimesimama kama nguzo za uzio, uzisome hivyo hivyo. Nilijifunza kusoma nikiwa na ndevu, kwenye kisomo cha watu wazima, na darasa lile nilikuwa wa kwanza. Mama yako hupenda kusema tulikuwa wanne. Hata wanne wana wa kwanza wao.

Nataka kuandika habari ya ile simu. Wewe ulianza kuisikia kwa Sospeter, na Sospeter akisimulia jambo huliongezea mpaka mwenye jambo halitambui. Nikusimulie mwenyewe, kwa sababu kosa ni langu na mimi nalijua kuliko yeye.

Matokeo yako ya kidato cha sita yalipotoka, nilitembea. Nilianzia hapa ufukweni, nikapanda Mirongo kwa yule fundi cherehani, nikafika Nyakato hadi kwenye geti la kiwanda anapofanya kazi mjomba wako. Kote nilisema maneno yale yale: Kabula wangu, daraja la kwanza, fizikia, kemia, hesabu. Nikasema na akili hizo ni za kwangu. Mama yako akanijibu mbele ya wageni, "Angechukua zako tungeona zimepungua. Mbona bado unazo zote?"

Basi ukaomba chuo. Chuo kikuu cha ufundi, safari ya mchana na usiku, ukasomee uhandisi wa vyombo vya majini. Na ukaomba ule ufadhili wanaowapa waliofaulu zaidi, wanaosomeshwa bila mkopo. Simu hukuwa nayo, ukaandika namba yangu. Ukaniambia, "Baba, waliopita mchujo wa kwanza wanapigiwa simu ya usaili. Ukiona namba ngeni, pokea." Nikasema sawa mama. Nilisema sawa nikiwa napiga randa, na mtu anayepiga randa usimwambie jambo la maana.

Sasa, unajua sifa yangu kwa matapeli. Hapa Igogo hakuna mtu aliyewahi kumla Malima kwa simu. Wanapiga, "Mzee, umeshinda zawadi," au, "Ile hela tuma kwenye namba hii." Wenzangu hukata. Mimi sikati. Simu yangu imekufa pale pa kuwekea sikio, inasikika kwa spika tu, kwa hiyo tapeli akipiga, nyundo zote zinanyamaza na watu wanasogea. Kuna mmoja nilimzungusha mpaka akaanza kuniomba mimi nimtumie salio. Watu walicheka wiki nzima. Nilijiona bingwa, na kweli nilikuwa bingwa, lakini ubingwa ule ulikuja kunipofusha.

Siku hiyo wewe ulikuwa Nyakato kwa dada yako Minza, amejifungua. Tulikuwa na mtumbwi wa Mzee Bwire wa Kome, ule mkubwa, mbao za ubavuni zimefika juu, bado kuziba tu. Simu ikalia. Namba ngeni. Sospeter akasema, "Haya, bingwa, mgeni wako huyo." Nikapanda juu ya mtumbwi, maana unajua huku chini kati ya mawe mtandao unakatika, ukitaka kuongea na mtu lazima upande. Watu wakazunguka.

Sauti ya mama mmoja, taratibu. "Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nimeshinda nini?"

"Samahani?"

"Nauliza nimeshinda nini leo. Juzi nilishinda pikipiki."

Watu kicheko. Yule mama akasema, "Mzee, napiga kutoka chuoni, kitengo cha ufadhili. Namtafuta Kabula Malima. Ni binti yako?"

Hapo ndipo mtu mwenye akili angeshuka kwenye mtumbwi akae chini. Mimi nikawaza: mh, hawa siku hizi wamefika mbali, wanajua mpaka majina ya watoto. Nikamuuliza, "Na hela ya kufungulia faili lake nitume kwa namba ipi?"

"Hakuna hela yoyote mzee. Ni usaili tu."

"Ahaa. Hiyo mpya. Hela mtaomba kesho."

"Mzee, naomba tu kuongea na Kabula."

Nikawatazama watu wangu, wote wametoa meno, wanasubiri. Na mimi watu wakisubiri siwezi kuwanyima. Nikasema, "Kabula tumeshamuoza. Yuko kwa mumewe Geita, na mahari tumekula. Akikuhitaji atakupigia."

Yule mama akasema, "Nimeelewa mzee. Pole," akakata. Hakutukana. Matapeli wote hutukana mwishoni. Nililiona hilo, Kabula, nataka ujue kwamba nililiona. Kitu fulani kilinigusa hapa kifuani. Lakini watu walikuwa wananipiga mgongoni, na mtu akipigwa mgongoni hasikii kifua.

Somo la kwanza ni hilo, kama unataka kuliita somo. Mambo yangu mengi mabaya nimeyafanya watu wakicheka. Nikiwa peke yangu mimi ni mtu mwenye busara kiasi, muulize hata mama yako. Huko uendako kuna watu wengi, na wewe una ulimi wangu, usibishe. Siku ukisikia kicheko kimepanda na bado unataka kuongeza neno, hilo neno limeze.

Jioni yake ulirudi, ukapita hapa kunichukua. Sospeter kabla hata hujamaliza kuamkia akaanza. "We Kabula, mumeo wa Geita hajambo?" Akakusimulia yote, kwa mikogo, akiigiza sauti ya yule mama na yangu. Mimi nilikuwa nakutazama usoni. Sitasahau. Hukulia. Uliniambia, "Baba, nipe simu." Nikasema hao ni matapeli. Ukasema tena, "Baba, nipe simu." Nikakupa.

Ulipiga, haikupokelewa, ofisi imefungwa. Usiku ule nyumbani mama yako, ambaye huwa hakosi la kusema, aliweka ugali mezani akaenda kukaa nje. Heri angenigombeza.

Kesho yake ukaja hapa mapema. Mtandao wa nyumbani unaujua. Ukapiga ukiwa umesimama pale penye rundo la takataka za mbao, na yule mama akapokea. Alipoiona namba akasema, "Ni wewe tena mzee?"

"Shikamoo mama. Mimi ndiye Kabula."

"Kabula si ameolewa?"

"Sijaolewa. Baba alidhani ni matapeli."

Akasema, "Nitajuaje kama ninyi si matapeli? Mtu anayedanganya kwamba mwanawe kaolewa anaweza kuleta binti yeyote aongee."

Sospeter akanitazama. Hakucheka. Yaani mimi Malima, niliyewashinda matapeli wote wa nchi hii, nimegeuka tapeli, tena kwa sauti kubwa, mbele ya mafundi wangu. Nikaikaribia simu nikasema, "Mama, mimi ndiye niliyekudanganya. Binti yangu hajaolewa, na mahari hatujala, hata senti. Nilikuwa nawachekesha watu." Maneno hayo yalinitoka kama msumari uliopinda kwenye mbao mbichi.

Akakuuliza namba yako ya mtihani, ukaitaja bila kutazama popote. Akauliza shule, ukaitaja. Akasema, "Jopo liko hapa linamaliza asubuhi hii. Waliobaki ni wawili. Ninaweza kukuingiza sasa hivi, nikikata sina ahadi. Uko tayari?" Ukasema niko tayari. Na hapohapo sauti ikaanza kukatika. "Halo? Kabula? Hatukusikii." Ulikimbilia huku, ukakimbilia kule, kwenye mawe, hakuna kitu. "Kabula, hatukusikii."

Mtumbwi wa Mzee Bwire ulikuwa palepale, juu ya magogo yake.

Wewe umekulia hapa, unajua. Mwanamke hakanyagi mtumbwi kabla haujagusa maji. Baba yangu alinikabidhi hivyo, na yeye alikabidhiwa hivyo na baba yake. Ukiwa mdogo uliwahi kuweka mguu mmoja, nikakupiga kwa ubao, na alama sijui kama bado ipo. Mzee Bwire mwenyewe siku hiyo alikuwapo, amekuja kutoka Kome kuangalia chombo chake, amekaa kwenye ndoo. Wote walikuwa wananitazama mimi. Hukuniomba, Kabula. Ulisimama chini ya mtumbwi na simu mkononi, ukanitazama tu, kama mtu anayetazama mlango kuona umefungwa au uko wazi.

Nikasema, "Panda."

Mzee Bwire akasema, "Malima."

Nikasema, "Panda, mama, uwajibu."

Ukapanda. Uliweka mguu kwenye ubavu, ukajivuta, ukasimama katikati. Sauti ikaja safi kama watu wako hapa. Wanaume watatu na yule mama. Wakauliza mambo ya hesabu, ukajibu, sikuelewa, lakini nilitingisha kichwa ili Sospeter adhani naelewa. Halafu mmoja mwenye sauti nzito akauliza, "Wenye alama kama zako ni wengi. Kwa nini tukupe wewe? Kwa nini vyombo vya majini?"

Ukasema, na kila mtu hapa alisikia: "Baba yangu ni fundi mitumbwi. Mitumbwi yake haipinduki, hata ziwa likichafuka. Baba hajui kwa nini haipinduki. Nimemuuliza tangu nikiwa mdogo, hajui. Mimi nataka kujua."

Mzee Bwire aliinuka kwenye ndoo. Nyundo hakuna. Mimi nilikwenda kuchukua tezo, sijui nilitaka kuchonga nini.

Nitakuandikia ukweli. Neno lile liliniuma kuliko la tapeli. Watu wa kutoka Kome hadi Ukerewe wanakuja kwangu kwa sababu ya jina langu, na mwanangu anawaambia wageni kwa spika kwamba baba yake hajui. Siku mbili sikuongea nawe. Ulidhani ni kwa ajili ya mtumbwi. Haikuwa mtumbwi.

Baadaye nilikumbuka. Ulikuwa na kama miaka minane, umekaa hapahapa na maandazi, ukaniuliza kwa nini ubao wa chini naupinda hivi na si vile. Nikakujibu, "Ndivyo unavyopindwa." Ukauliza tena, nikakufukuza. Na mimi niliwahi kumuuliza baba yangu swali hilohilo, kule kwetu, na yeye akanijibu ndivyo, kwa mpini wa nyundo. Sikuuliza tena maisha yangu yote. Mikono ikajua, nikadhani mimi najua. Mikono yangu inapinda ule ubao mpaka inasikia basi, inatosha. Inatosha kwa nini, siwezi kukwambia. Nimejaribu juzi kujieleza mwenyewe nikiwa peke yangu, nikaishia kuukasirikia ubao.

Kwa hiyo hukunitukana. Ulisema kilichopo. Somo la pili basi: huko darasani ukiuliza jambo ukajibiwa ndivyo, uliza tena. Akikufukuza, nenda kwa mwingine. Mwenye kusema ndivyo mara nyingi ana aibu kama mimi.

Mambo ya Mzee Bwire unayajua, lakini najua pia umeyabeba moyoni, kwa hiyo niyaseme. Alikataa mtumbwi. Alisema, "Mwanamke ameukanyaga ukiwa mkavu, watu wangu hawatauingia." Sikumbembeleza. Nilimrudishia hela yake aliyotanguliza, na si kwa sababu yako, ni kwa sababu mimi ni mbishi na sikutaka kusikia hotuba. Tuliziba, tukaushusha majini mimi na Sospeter na vijana. Nikaingia peke yangu siku ile ya upepo uliong'oa bati la kanisa. Sospeter alisimama kwenye jiwe akiniita mwendawazimu. Nilifika mpaka kule nje mawimbi yanapovunjika, nikageuza ubavu makusudi, nikarudi. Haukupinduka. Sasa unabeba mbao zetu na unafanya kazi kuliko mitumbwi miwili. Mzee Bwire amekuja mara mbili, ameuzunguka, ameugonga kwa vidole, ameondoka bila kusema. Atarudi. Nitampandishia bei.

Halafu jibu la chuo. Umepata nafasi, umepata na ufadhili. Uliwekwa kwanza kwenye akiba, mmoja wa waliokuwa mbele yako akachagua chuo kingine, ukaingia wewe. Nakukumbusha kwa sababu nilikusikia ukimwambia Minza kwamba umeingia kwa bahati, kwamba kiti ni cha mtu. Acha hayo. Mimi mteja wangu wa kwanza hapa Igogo alikuwa amekuja kumtafuta fundi mwingine, fundi yule amekwenda msibani. Mtumbwi nilioutengeneza haukujua ulikuwa kazi ya fundi gani.

Ila ujue jambo moja ambalo hakuna aliyenionya. Nilipotoka kwetu nilikuwa fundi bora wa vijiji vyote vya pale. Nilifika hapa ufukweni nikiwa nimevimba. Nikakuta mafundi kumi na kitu, na kila mmoja alikuwa bora wa kwao. Mwaka mzima nilishika msumeno wa watu wengine. Usiku nilitunga maneno ya kusema nikirudi nyumbani, kwamba huku hawalipi, huku wana fitina. Kilichonizuia kurudi ni kwamba nilishawatangazia watu wote ninakwenda kuwa tajiri. Niliona aibu tu, usidhani ni ujasiri.

Huko chuoni wote watakuwa walikuwa wa kwanza kwao. Na ule ufadhili una masharti, umenisomea mwenyewe, alama zikishuka wanaukata. Sasa mimi nimeshatembea Igogo yote, Mirongo na Nyakato, nimetangaza. Sijui kutotangaza, nimezaliwa hivyo. Lakini sitaki utangazaji wangu ndio ukuzuie kule ukiwa umeumia, kama ulivyonizuia mimi. Ukikatwa, niambie mimi kabla ya mtu mwingine. Hata mama yako baadaye. Nitakuja kwa basi, tutakaa mahali tule, tutaona la kufanya, mkopo upo, chuo kingine kipo, na hapa mbao zipo. Watu wa Igogo niachie mimi. Nimeshawahi kumwambia mtu wa chuo umeolewa Geita akaamini, siwezi kukosa la kuwaambia hawa.

Jambo la mwisho, mafundi wanarudi, namsikia Sospeter anakohoa ili nijue amekuja.

Simu mpya aliyokununulia mjomba wako ni nzuri, inasikika sikioni. Yangu sitengenezi. Siku utakayojua kwa nini mitumbwi yangu haipinduki, hata kama ni mwaka wa tatu au wa nne, usiniandikie, na usisubiri likizo. Nipigie mchana, watu wote wakiwa kazini. Hata kwa namba ngeni, nitapokea. Nitapanda juu ya mtumbwi wowote utakaokuwepo, nitawaambia waache nyundo, na wewe utaeleza taratibu, kwa spika, mimi na wao tusikie pamoja.

Ni mimi baba yako,
Malima